Japani, China na Mninga Wetu: Anayeuza Ndiye Mwenye Kauli

Japani, ninakoishi, theluthi mbili ya ardhi yake ni misitu, lakini kwa miongo kadhaa ilikuwa mnunuzi mkubwa wa magogo ya misitu ya tropiki. Katika mwaka 1973 pekee iliingiza zaidi ya mita za ujazo milioni 20, kutoka Ufilipino, Indonesia na majimbo ya Malaysia yaliyoko Borneo. Sehemu kubwa iligeuzwa kuwa plaiwudi, na nyingi ya plaiwudi hiyo ilitumika kama kingo za kumwagia zege mara chache, kisha ikatupwa. Kwa sisi tuliokulia Dodoma, ambako kitanda cha mninga hurithiwa, ni vigumu kuyapokea matumizi ya namna hiyo.

Leo manunuzi hayo yamebaki kidogo sana. Ni kweli kwamba viwanda vilihamia miti laini, na miti iliyopandwa baada ya vita imekomaa, hata mbao za ndani, ambazo mwaka 2002 zilitosheleza chini ya asilimia 20 ya mahitaji, zikavuka asilimia 40 mwaka 2020. Hata hivyo, naamini msukumo wa kwanza ulitoka kwa wauzaji: Indonesia ilipiga marufuku usafirishaji wa magogo mwaka 1985, na Sabah, mojawapo ya majimbo yale ya Malaysia, ikafanya hivyo mwaka 1993.

China ilikwenda kinyume. Baada ya mafuriko ya Mto Yangtze ya mwaka 1998 ilizuia ukataji katika sehemu kubwa ya misitu yake ya asili, mwaka uliofuata ikafuta ushuru wa forodha kwa magogo, na hatimaye ikawa mwagizaji wa kwanza duniani. Msitu wake ulipumzika kwa gharama ya misitu ya wengine, na sisi tumo. Kiwango chake cha kitaifa cha mbao za fanicha za kifahari, kilichotolewa mwaka 2000, kinautaja mpingo.

Tanzania nayo ilizuia kusafirisha magogo, mwaka 2004. Lakini ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ilionyesha kwamba mazao ya mbao yaliyoandikwa China kuwa yametoka Tanzania yalikuwa mara kumi ya yale yaliyomo katika kumbukumbu zetu za mauzo ya nje. Kwangu mimi, hilo ni zito kuliko ukubwa wa hamu ya mnunuzi yeyote. Huku niliko, takwimu za forodha hutolewa kila mwezi, bidhaa kwa bidhaa na nchi kwa nchi, na mwananchi yeyote huzisoma bila kumwomba mtu ruhusa. Nyumbani, lori la mbao kutoka Tabora au Manyoni husimamishwa kwenye vizuizi na hati zake hukaguliwa, lakini seremala wa Dodoma hawezi kujua kirahisi ni mbao ngapi za mninga zimeuzwa nje mwaka huo, wakati yeye mwenyewe anaulipia bei inayozidi kupanda.

Mwaka 2022 miti yote ya jamii ya mninga iliyoko Afrika iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo kuisafirisha nje kunahitaji kibali. Vibali hivyo vitangazwe kila mwezi, vikitaja aina ya mti, wilaya ulikokatwa na nchi unakopelekwa, na wabunge wanaokutana Dodoma wadai vilinganishwe na takwimu za forodha za nchi zinazonunua.