Waya Unapita Juu ya Paa Letu

Jumanne fundi wa intaneti alipanda nguzo iliyo mbele ya ploti yetu hapa Kaptembwa, Nakuru, nikatoka mbio nikidhani zamu yetu imefika. "Hapana, mama," akaniambia kwa upole. "Waya huu unaenda mtaa wa pili. Hapa ofisi inataka nyumba kumi zijiandikishe kwanza." Akakaza vifungo, akashuka. Waya wa faiba, ule wa intaneti ya kasi, sasa unapita juu ya mabati yetu, na ndani ya nyumba bado tunanunua bando.

Uchungu wangu ni wa siku nyingi. Intaneti niliionja kwanza kwa mjomba, mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, kwa laini ya simu ya mezani. Modemu ililia na kukwaruza, na mpaka tumalize hakuna aliyeweza kupiga simu. Kasi haikuvuka kilobiti 56 kwa sekunde. Faili ya megabaiti 5 ilikula dakika kama 12, laini isipokatika. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, hizo ni sekunde 4. Lakini si kasi iliyotunyima raha. Ni mjomba kusimama mlangoni akitazama saa, kwa sababu kila dakika ililipiwa. Ulisoma ukurasa mmoja, ukatoka.

Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipotia nanga Mombasa, niliamini saa ile imezimwa. Kwa wenye waifai ya nyumbani, imezimwa kweli. Kwangu haijazimwa. Binti yangu yuko kidato cha nne. Hutazama somo la kemia kwenye simu yangu usiku, na pale asipoelewa, harudii. Anaogopa kumaliza bando. Jamani, kemia bila kurudia utaielewaje? Mtoto wa waifai hurudia mara tano, hupotea kidogo kwenye jambo jingine, hujifunza hata ambacho hakutumwa. Wangu anasoma akihesabu, kama nilivyosoma mimi.

Sawa, kuvuta waya ni gharama, na wapangaji wa huku tunahamahama. Hilo nalikubali. Ila bando za kila siku ukizijumlisha mwezi mzima, msiseme hatuna pesa ya kulipa.

Nimebisha milango. Nina majina saba kwenye daftari. Leo jioni, watu wakitoka kazini, naingia ploti ya nyuma kutafuta majina matatu yaliyobaki.