Mzigo wa Bwana Sungura

Mashine yetu ya kazini haina tabia ya kuanguka. Nalisema hili mapema ili ijulikane kuwa mkosaji ni mimi. Ni kompyuta ya biashara ya IBM iitwayo AS/400, jina iliyotoka nalo mwaka 1988. Waliotengeneza wamelibadilisha mara kadhaa na siku hizi wanaita IBM i, ila hapa ofisini kwetu Dar ukisema hivyo watu wanadhani umenunua simu. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, amri zimefinywa kama meseji ya mtu anayebana vocha.

Ndani yake tumetenga hifadhi mbili zinazojitegemea. Chukulia ni nyumba: kuna sebule ya wote, halafu vyumba, kila kimoja na kufuli lake, na mashine inavihesabu kuanzia 33. Ukiwa kazini unaona sebule na chumba kimoja tu, kile ulichoingia. Raha yake ni kwamba vyumba viwili vinaweza kuwa na maktaba, yaani mafolda ya programu na data, zenye jina lilelile, kila moja na vitu vyake. Karaha yake ni hiyohiyo.

Chumba cha biashara nilikiita KULWA, cha mazoezi nikakiita DOTO, nikajiona mbunifu. Mimi huyu niliyekua jirani na mapacha, ambao hadi leo nikikutana na mmoja wao namsalimia "mambo vipi, ndugu yangu" kwa kuogopa kutaja jina.

Alhamisi usiku nilikuwa na kazi mbili. Kulwa apate toleo jipya la programu ya ankara, lililorekebisha senti zilizokuwa zinapotea kwenye VAT, na ambalo kama kawaida hutuma nakala ghalani ili mzigo upakiwe. Doto apate toleo la makarani wapya waliokuwa wanaanza mafunzo Ijumaa. Toleo hilo halitumi kitu ghalani, na chini ya kila ankara linaandika kwa herufi kubwa: HII NI YA MAZOEZI. USILIPE.

Nilifungua madirisha mawili. La kushoto nikapiga SETASPGRP, amri ya kuchagua chumba, nikaingia Kulwa, la kulia nikaingia Doto. Hapo simu ikaita. Mke wangu: luku imekata, watoto wako gizani. Nikanunua umeme, nikamsomea zile tarakimu 20, akakosea, nikarudia. Niliporudi kwenye kompyuta, madirisha yote mawili yalikuwa meusi, yote ya kijani, yote yananitazama. Nikasema kushoto ni Doto.

Kuna jambo la kukiri. Programu ya kupandishia matoleo niliiandika mwenyewe, na ilikuwa inauliza jina la maktaba tu. Unaandika ANKARA, inaweka mzigo kwenye ANKARA ya chumba ulichomo. Haiulizi uko chumba gani. Nikahakiki pande zote mbili: programu ipo, tarehe ya leo, saa ya sasa hivi. Mstari unaotaja chumba upo chini zaidi, na mimi nilikuwa nawahi daladala.

Ijumaa saa tatu asubuhi simu ya kwanza ilitoka kaunta.

"Kaka, huku kuna mteja hataki kulipa."

"Mpe mhasibu aongee naye."

"Mhasibu ndiye anayemwambia asilipe. Anasema karatasi imeandikwa."

Nikashuka mbio. Mteja, mzee mwenye duka Manzese, ameshika ankara kwa mikono miwili kama cheti cha ndoa. "Kijana wangu," akaniambia kwa upole, "miaka yote nanunua hapa hamjawahi kunikumbuka. Leo mmenikumbuka, halafu unataka kuninyang'anya?" Nyuma yake foleni nzima inakagua karatasi zake, kila mmoja anatabasamu.

Bado sijajibu, ikaita simu ya ghalani. Babu msimamizi, mtu ambaye hajawahi kunipigia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Huyu Bwana Sungura lori lake liko wapi?"

"Nani?"

"Sungura. Wa Msituni. Katoni 900 za sabuni. Vijana wameshateremsha zote, wamechoka, na wateja wengine leo hawaonekani kabisa."

Hapo ndipo jasho lilipoanza. Katoni zote za sabuni zimepangwa mlangoni kumsubiri mnyama wa hadithi, kisa binti mmoja wa mafunzo huko ghorofa ya pili alijifunza kuandika ankara na akapewa uhuru wa kubuni mteja.

Kurekebisha kwenyewe kulichukua dakika nne. Tatizo ni kwamba kwenye mashine hii ukibadilisha programu wakati watu wanaitumia, ile ya zamani haiondoki papo hapo. Inawekwa pembeni, na aliyekwisha kuifungua anaendelea nayo mpaka atoke aingie upya. Nikatuma ujumbe kwenye skrini zote: tokeni mwingie tena. Wote wakatii, isipokuwa mama wa kaunta namba 3.

"Mama, naomba utoke mara moja."

"Nina mteja, mwanangu."

"Ndiyo maana naomba utoke."

"Nitoke nimwache mteja? Ndivyo mlivyofundishwa huko chuoni?"

Akaendelea kugawa USILIPE mpaka adhana ya Ijumaa, watu walipopungua. Tuliwafuata wenye ankara hizo mmoja mmoja kwa simu. Wengi walilipa. Mzee wa Manzese alilipa nusu, akasema nusu nyingine ni ya usumbufu, na bosi akakubali huku akinitazama mimi.

Sasa programu yangu inauliza chumba, inauliza tena, kisha inanilazimisha kuandika jina lake herufi kwa herufi. Dirisha la Kulwa nimeliwekea maandishi mekundu. Ankara ya katoni 900 Babu aliibandika kwenye mlango wa ghala kwa gundi, na kila nikipita anauliza kama nina habari za mteja wetu.

Juzi nikamjibu kwamba Sungura amepiga simu, yuko njiani.

"Mwambie amechelewa," akasema, hata hakunyanyua kichwa. "Fisi alishakuja kumchukulia."