Mfumo wa kufanyia muziki nyumbani: mimi nachagua ule ninaoweza kumpa jirani

Tangu msimu wa korosho uishe, vijana watatu wamenijia barazani na swali moja: "Kaka, nataka kuhamia Linux nifanye muziki, nichukue ipi?" Linux ni mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, mahali pa Windows, na una matawi mengi. Wanachotaka ni jina la tawi tu. Ubuntu Studio, Debian, Fedora, AV Linux, Mint, majina yote wameshayaokota wenyewe. Niliwajibu kwa kifupi kwa kuwa kila mmoja alikuja na haraka zake, lakini jibu la kifupi halitoshi, kwa hiyo naliandika hapa lote.

Naishi Mtwara mjini, Chikongola. Studio yangu ni chumba cha kulala: godoro limesimamishwa ukutani, kanga mbili zimening'inizwa kukata mwangwi, na juu ni bati, mvua ikianza kurekodi kumekwisha. Laptopu ni ya mtumba, Core i5 ya zamani, ilikuja na RAM ya gigabaiti 4 nikaongeza zikawa 8, na diski nimebadilisha nikaweka SSD. Nayataja haya kwa sababu ushauri mwingi kuhusu mifumo hii umeandikwa na watu ambao intaneti kwao haina mwisho na umeme haukatiki. Mimi naandikia wanaonunua bando.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Newala kwa bibi mzaa mama nikiwa na maiki na laptopu. Nilitaka nyimbo zake za kutwanga, zile ambazo mchi ndiyo ngoma yenyewe. Tulikaa uani jioni mbili. Alitwanga mtama huku anaimba, na sauti yake ilikuwa inapanda kabla mchi haujagusa kinu, unaona kabisa wimbo ndio unaouinua mchi. Kila wimbo ukiisha ananiuliza, "Mjukuu wangu, umeshauweka?" Namjibu, "Nimeuweka, bibi."

Kazi ile niliifanyia ndani ya programu ya kulipia niliyopewa ikiwa imeshavunjwa kufuli. Ile kreki ilikuja na wageni wake, virusi. Baada ya miezi mitatu mashine ikawa inajizima yenyewe, fundi akapiga windo upya, diski C ikafutwa. Nilikuwa na faili ya mradi kwenye flashi, nikajua nimesalimika. Nilipoifungua, majina ya treki yalikuwepo yote, "bibi 1", "bibi 2", "kinu", lakini ndani kimya. Sauti zenyewe zilikuwa zikihifadhiwa kwenye folda nyingine ambayo sikuwahi kuijua, na folda hiyo ilikuwa imekwenda na windo la zamani. Kilichobaki ni vipande viwili nilivyokuwa nimemtumia mama kwa WhatsApp. Bibi bado yupo, Mungu amjalie, lakini sauti ile ya juu hana tena.

Kutoweka nakala lilikuwa kosa langu na nalikubali. Ila kuna jambo jingine lililonikaa moyoni: kazi yangu ilikuwa imelala ndani ya nyumba ya mtu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeingilia dirishani. Sikuwa na mtu wa kumuuliza wala haki ya kulalamika.

Leo narekodi kwa Ardour, programu huria ya kurekodi na kuchanganya sauti aliyoianzisha Paul Davis. Mradi wa Ardour ni folda moja. Ukiifungua utakuta ndani yake sauti zako zote zikiwa faili za WAV za kawaida, ambazo programu nyingine za sauti nazo zinaweza kuzifungua, na faili ya mradi yenyewe ni maandishi matupu. Niliwahi kuifungua kwa programu ya kuandikia barua tu nikasoma majina ya treki zangu kwa macho. Hata Ardour ikitoweka kesho, sauti ya mtu haipotei nayo. Kwa anayerekodi wazee, hilo peke yake lingetosha kumhamisha.

Sasa swali la mfumo upi. Mtu akiniuliza, kabla ya kumtajia jina humuuliza: utaupataje, na mwenzio atauchukuaje kwako? Huku kwetu programu nyingi haziji kwa intaneti, huja kwa flashi. Mtu mmoja amepakua, kumi wamenakili. Tumefanya hivyo miaka yote, na miaka yote tumekuwa tukinakili vitu tusivyoruhusiwa kunakili. Linux na programu nyingi zinazokuja nayo zimetolewa kwa leseni inayokuruhusu kunakili, kumgawia umtakaye, hata kuuza nakala. Yaani tabia yetu ya flashi, ambayo kwa programu za kulipia ni wizi, hapa ni haki yako. Sijui kama watu wanaona uzito wa jambo hili. Wengi wanasifia Linux kwa kuwa ni bure, lakini kreki nazo walizipata bure. Tofauti ni kwamba hii unampa mdogo wako mchana kweupe.

Ndiyo maana mimi natumia Debian na siendi kwingine. Toleo jipya hutoka baada ya kama miaka miwili, na katikati hapo halibadilikibadiliki; unachosasisha ni marekebisho ya makosa na usalama tu, kwa hiyo bando linapumua. Faili za programu nikishazipakua kwenye mashine yangu kwa amri ya apt-get, zile za .deb, zinabaki kwenye folda ya /var/cache/apt/archives mpaka nizifute. Nazinakili kwenye flashi, jirani mwenye toleo kama langu anazichomeka kwake na kuziweka bila kutumia hata megabaiti moja. Ardour, Hydrogen ya ngoma, sinthesaiza ya ZynAddSubFX, plagini (vifaa vya kuongezea ndani ya programu) za Calf na za LSP, vyote vimetoka Chikongola kwenda Shangani hadi Mikindani kwa njia hiyo. Hii inawezekana kwa sababu toleo limetulia. Kwenye mfumo unaobadilika kila wiki, kama Arch, faili niliyoipakua mwezi uliopita huenda mwezi huu haikubali kwa jirani.

Fedora ni mfumo mzuri na ina toleo lake la muziki linaloitwa Jam, lakini hutoka kila baada ya miezi 6 na kila toleo hutunzwa kama mwaka mmoja na mwezi tu. Kila mwaka unahama. Kwa mwenye bando la usiku hiyo ni adhabu. AV Linux imepangwa vizuri sana kwa kazi hii, nimeijaribu na nimeipenda, ila kwa sehemu kubwa inategemea jasho la mtu mmoja, Glen MacArthur. Mimi nataka mfumo wenye watu wengi nyuma yake.

Kwa anayeanza kabisa, na mashine yake ina RAM ya 8 au zaidi, namwambia achukue Ubuntu Studio, toleo la muda mrefu. Haya hutoka kila baada ya miaka 2, mwezi wa Aprili, na hutunzwa miaka 3. Ubuntu Studio imekuwepo tangu 2007, na inakuja na programu za muziki zikiwa zimeshawekwa na mipangilio ya sauti imeshafanywa. Faili yake ni kubwa, zaidi ya gigabaiti 4, kwa hiyo mmoja apakue kwa ajili ya mtaa. (Na jina Ubuntu halihitaji kutafsiriwa kwa Mmakonde wala Myao. Ni utu.) Mwenye RAM ya 4 aje nimpe Debian yenye Xfce, sura ya skrini iliyo nyepesi.

Tofauti kati ya mifumo hii kwa mwanamuziki ni ndogo kuliko watu wanavyobishania. Nimewaona vijana wanaobadilisha mfumo kila wiki mbili kama wanatafuta mganga, na hawana wimbo hata mmoja uliokamilika. Kinachowasumbua karibu wote ni kitu kimoja, sauti kuchelewa, na dawa yake iko kwenye mipangilio. Hapa nitakaa kidogo.

Ukiimba kwenye maiki, kompyuta haishughulikii sauti yako tone kwa tone. Inaikusanya kwenye ndoo ndogo, ndoo ikijaa inaichakata, kisha inaimimina kwenye hedifoni. Ndoo hiyo ndiyo bafa. Kompyuta huipima sauti kwa vipimo vidogo vidogo vinavyoitwa sampuli. Bafa ya sampuli 1024, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, inabeba milisekunde 21. Sauti ikienda na kurudi ni kama 42, na bado hujahesabu saundi kadi yenyewe, kile kifaa cha kuingizia na kutolea sauti. Milisekunde 42 zinaonekana si kitu, lakini kwa muda huo sauti hewani inasafiri mita 14. Ni sawa na kumwambia mpiga ngoma asikilize ngoma yake mwenyewe kutoka ng'ambo ya uwanja. Kwenye singeli ya mapigo 240 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 62 na nusu, hivyo umeshachelewa theluthi mbili yake. Hakuna mtu anayeweza kufoka juu ya hapo akakaa sawa.

Ukishusha bafa hadi 128, kila ndoo inabeba milisekunde 2.7 tu. Hapo mwimbaji anatulia. Ila sasa kompyuta inatakiwa iwahi ndoo kila milisekunde 2.7 bila kukosa, na yenyewe ina shughuli nyingine: Wi-Fi, diski, kivinjari ulichokiacha wazi. Ikichelewa mara moja unasikia "ta!" kwenye hedifoni, na mlio huo unabaki kwenye rekodi. Ndiyo maana keneli, yaani kiini cha mfumo, inatakiwa ijue kwamba sauti inapita mbele ya foleni. Kazi ya kuifanya Linux iheshimu muda namna hiyo ilichukua karibu miaka 20, na sehemu yake kubwa ya mwisho iliingia kwenye keneli ya 6.12, iliyotoka Novemba 2024. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, ilikuja na keneli hiyo.

Mimi niliteseka wiki mbili na mlio huo kabla sijagundua sababu. Kwenye Debian, unapoweka JACK, programu inayopitisha sauti kati ya programu za muziki na saundi kadi, inakuuliza swali moja kama sauti ipewe kipaumbele cha muda halisi. Jibu lililowekwa tayari ni "hapana". Nilibonyeza Enter nikapita, kama tunavyopita maswali yote. Jibu ni "ndiyo", halafu unajiingiza kwenye kundi linaloitwa audio, unazima mashine na kuiwasha. Siku nilipofanya hivyo nilishuka kutoka 1024 hadi 128 kwenye laptopu ile ile, na mwimbaji aliyekuwa amekaa kitandani kwangu akavua hedifoni akaniangalia. "Kaka, umenunua kadi mpya?" Sikuwa nimenunua chochote.

Mambo mengine ni madogo. Zima Wi-Fi unaporekodi. Ichomeke laptopu kwenye umeme na uiambie isipunguze kasi ya prosesa. Saundi kadi ya USB, kama boksi limeandikwa kwamba inafanya kazi na iPad bila kuweka driva, karibu kila mara Linux nayo itaitambua. Na kama wewe unapanga biti kwa mausi tu na hurekodi sauti ya mtu, usihangaike na bafa hata kidogo, iache 1024 upumzike. Wewe LMMS, programu huria ya kupanga biti, itakufaa; mtu aliyezoea FL Studio, ile ya kulipia, haoni ugeni mkubwa humo. Toleo lake la 1.2 halirekodi sauti kutoka kwenye maiki, kwa hiyo biti ukiimaliza unaitoa WAV na kuipeleka Ardour kwa ajili ya mwimbaji.

Najua swali linalofuata, maana wote watatu walilileta: prodyuza wa Dar akinitumia mradi wake wa FL Studio nitaufunguaje? Kwa Ardour au LMMS hutaufungua. Ni kweli na sitaki kumficha mtu. Mwombe akutumie treki mojamoja kwa WAV, zote zikianzia sekunde sifuri, na akuandikie mapigo ni mangapi kwa dakika. Wewe mrudishie vivyo hivyo. Nimefanya kazi tatu namna hiyo na hakuna aliyelalamika. Ila kama riziki yako yote inatoka kwa watu wanaopokezana miradi ya FL Studio, na una uwezo wa kuinunua, inunue, ubaki nayo kwa heshima yako. Ninachokipinga ni kreki.

Kwa mwenzangu anayerekodi ngoma za huku, ana sababu moja zaidi. Programu nyingi ukizifungua zinakupa mistari ya nne kwa nne, na sindimba haikai humo. Mpigaji anaharakisha wachezaji wakipandisha, anashuka wanapochoka, na hapo ndipo utamu ulipo. Ukimlazimisha afuate mlio wa kompyuta unamuua. Kwenye Ardour narekodi kwanza bila mlio wowote, halafu nasogeza mistari ya gridi imfuate yeye, pigo baada ya pigo. Inachukua jioni nzima kwa wimbo wa dakika nne. Kisha gitaa na kinanda vinakuja kukaa juu ya ngoma, na ngoma inabaki yake.

Kwa sasa nina flashi mbili mkononi, moja ya Ubuntu Studio na moja ya Debian pamoja na faili za .deb. Ya tatu aliichukua kijana wa Mikindani Jumamosi. Mwezi wa saba, wali (wale wanaofundwa) wakitoka unyagoni, nimeshaomba ruhusa kwa wazee wa Newala nirekodi zile nyimbo zinazoimbwa hadharani siku ya kutoka, na hizo tu. Bibi ameniambia atakuwepo, ataimba kwa sauti aliyonayo.