Miaka yote tunafuga mbwa, na bado hatumjui

Jana kwenye lifti, hapa Ujerumani ninakoishi, mtoto wa jirani, wa darasa la kwanza hivi, alinitia hasira bila mwenyewe kujua. Nilikuwa namshusha mbwa wa mama mwenye nyumba wangu. Zamu ya jioni imeniangukia mimi kwa kuwa magoti yake siku hizi hayamsikilizi. Mtoto akaingia, akamwona mbwa, akasimama palepale. Hakupiga kelele wala hakukimbilia kumshika kichwa. Aliniuliza mimi kwanza kama anaweza kumsalimia. Nikamwambia sawa. Akageuka ubavu, akauacha mkono ukining'inia karibu na paja, macho akayapeleka pembeni, akasubiri. Mbwa akamnusa vidole, akatafakari kidogo, kisha akarudi kukaa mguuni pangu. "Leo hataki," mtoto akasema, akashuka ghorofa ya pili na amani zake.

Hasira si kwa mtoto. Ni kwa sababu nawajua watu wazima nyumbani, wenye mbwa uani tangu enzi za babu zao, ambao hawawezi kufanya hicho alichofanya yule mtoto. Mbwa akigeuza uso, ndiyo kwanza wanamvuta masikio. Akijiondokea kwenda kujilaza nyuma ya pipa, anafuatwa hukohuko. Akiuma, mtaa mzima unasema ameuma ghafla.

Najua, tayari kuna mtu anasonya: "Kapanda ndege juzi, leo anatufundisha kufuga mbwa." Kaka, kufuga unajua, sijakataa. Nasema jambo moja tu. Hawa wenzetu wa Ujerumani wanamtazama mbwa. Sisi tunamsikia tu, tena mpaka abweke. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kila siku, na haihusiani na pesa wala na kuwa na moyo wa huruma. Macho ni ya bure.

Nipe mfano wa karibu. Jumapili wajukuu wa mama mwenye nyumba walikuja. Mdogo wao akamkumbatia mbwa shingoni, shavu kwa shavu, picha ya kupendeza kabisa. Bibi yake, aliyekuwa upande wa pili wa chumba na gazeti lake, akasema bila kupandisha sauti: mwache, ameshaomba mara tatu. Nikamuuliza ameomba nini, na lini. Akanihesabia. Kwanza aligeuza kichwa upande. Halafu akajilamba pua, ulimi ukitoka na kurudi upesi, na hapakuwa na chakula. Halafu akapiga mwayo, na usingizi hana. Angeendelea kukumbatiwa, kingefuata jicho: mbwa anaacha kichwa kilipo, anageuza jicho peke yake, na weupe unatokea pembeni kama mwezi mwandamo. Baada ya hapo mwili hukakamaa na mdomo hufungwa. Ndipo kunguruma. Ndipo meno.

Hebu angalia urefu wa safari hiyo. Mbwa ameomba, amebembeleza, ameonya, na yote hayo yamepita mbele ya macho yetu tukiwa tunacheka jinsi anavyopendana na mtoto.

Na sisi akinguruma tunafanya nini? Tunamtandika. Eti anamngurumia mtoto, ana adabu gani. Mbwa anayepigwa kila anaponguruma hajifunzi kumpenda mtoto, anajifunza kunyamaza. Hofu inabaki palepale, linaloondoka ni onyo. Siku ya siku anauma kimyakimya, na kikao cha familia kinapitisha kwamba yule mbwa alikuwa mbaya tangu mwanzo.

Na mkia nao umetuponza. Kila mtu atakuambia mbwa akitikisa mkia amefurahi. Mkia uliolegea, unaokwenda pamoja na kiuno mpaka mbwa anakaribia kujipinda, huo ndio furaha. Mkia uliosimama wima na mgumu, unaotikisika kwa mapigo madogo ya haraka, ni wa mbwa aliyepandwa na kitu, na anaweza kuishia popote. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2007 kwamba mbwa akimwona mwenye naye mkia huelemea zaidi kulia, na akimwona mbwa mgeni mbabe huelemea kushoto. Sisemi usimame uani ukapime. Nasema mkia una habari nyingi kuliko hiyo moja tuliyorithi.

Kuna na hili la "anajua alichokosea, mwone uso wake". Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa wa New York, alilipima jambo hilo na kulichapisha mwaka 2009. Wenye mbwa waliambiwa mbwa wao wamekula kitu walichokatazwa, mara nyingine ni kweli, mara nyingine ni uongo. Ule uso wa kuinama na masikio kulala ulifuata karipio, haukufuata wizi. Hata asiye na hatia aliuvaa vizuri tu. Kumbe anachokisoma ni sauti yako na mabega yako. Yeye anatusoma sisi vizuri sana. Unamchapa jioni kwa kiatu alichokitafuna asubuhi, na somo pekee analoondoka nalo ni kwamba wewe ukirudi nyumbani huwa hatari.

"Mbwa lazima ajue nani bosi." Hili nalo nilikuwa nalisubiri. Wanaolisema hudhani ni hekima ya wazee wetu, kumbe ni mali ya kuazima, na waliotuazima wenyewe wameshaliacha. Lilipata nguvu kwa mtafiti Rudolf Schenkel, aliyechapisha mwaka 1947 uchunguzi wake wa mbwa mwitu, wale Waingereza wanaowaita wolf, waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Funga viumbe vyovyote wasiojuana ndani ya ua mmoja, wasipate pa kukimbilia, uone kama hawatagombea ubosi. Mwaka 1999 David Mech, mtafiti Mmarekani wa mbwa mwitu haohao, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliolieneza wazo hilo, aliandika kwamba porini kundi la kawaida ni baba, mama na watoto wao. Wanaoongoza wanaongoza kwa sababu ndio wazazi. Kwa hiyo unapomlaza mbwa chali na kumkaba ili akutambue, hakuoni kiongozi. Anaona mtu mzima amepandwa na wazimu, na ana haki ya kuona hivyo.

Sasa tuje kwenye ngao yetu kubwa: "Mbwa wetu ni wa ulinzi, si wa kochi." Hapa ndipo ninapochoka kabisa. Hebu tuzungumzie huo ulinzi.

Mtoto wa mbwa ana majuma machache ya kuijua dunia, kuanzia kama juma la 3 mpaka la 12 au 14. Watu, watoto, pikipiki, mwamvuli, mbuzi, mgeni mwenye kofia: anachokizoea kwa utulivu katika muda huo kinakuwa cha kawaida kwake, na ambacho hakukiona kitamtisha baadaye kwa urahisi sana. Na sisi muda huohuo ndio tunaomfungia. Anachukuliwa kwa mama yake mapema, moja kwa moja bandani, asione watu, "asije akazoea". Anachokozwa kwa fimbo kupitia nyavu na kulishwa vitu vya ajabu awe mkali. Tunachokipata si ukali, ni woga wenye meno. Mbwa wa namna hiyo anambwekea mwizi, shangazi, fundi bomba na upepo kwa sauti ileile moja. Ulinzi gani huo? Saa tisa za usiku akibweka unageukia upande wa pili unaendelea kulala, maana amebweka tangu magharibi. Siku mwizi akija kweli, habari aliyonayo mbwa haina thamani tena, na aliyeishusha thamani ni wewe.

Mbwa anayekaa na watu anajua nani wa nyumba hii na nani si wa nyumba hii. Anajua hatua za baba zikoje na geti hufunguliwaje kila siku. Huyo akibweka, unaamka.

Lakini msidhani nimelewa sifa za hapa. Kuna siku naona aibu kwa niaba yao. Ndio hawa wanaonunua kwa fahari mbwa waliozalishwa pua bapa mpaka kupumua kwenyewe ni kazi. Pug na French bulldog wanakoroma wakiwa macho, na joto likizidi kidogo wanazidiwa. Wakawasukuma kwenye vigari vya watoto, halafu wakashangaa mbona bili ya daktari haipungui. Serikali nayo imebidi iweke kanuni kwamba mbwa atolewe nje vya kutosha. Niliposoma nilicheka peke yangu. Sheria ya kumkumbusha mtu kwamba mnyama ana miguu! Na juu yake kuna kodi ya mbwa ya kila mwaka, inayolipwa manispaa. Kuna mbwa hapa tangu azaliwe hajawahi kuamua jambo lolote: akae, asimame, akojoe sasa, asinuse pale. Wakikutana wawili kwenye kamba wanarukiana kwa wazimu, kwa sababu kamba imewanyima njia yao ya adabu, ile ya kuzungukana kwa upinde na kunusana.

Hapo mbwa wetu anawazidi, na nalisema kifua mbele. Mbwa wa nyumbani asiye na kamba anajua kuvuka barabara. Anamjua kila mtu na nyumba yake, na ugomvi na mwenzake anaumaliza kwa kugeuza bega tu, bila refa. Wengi wa mbwa wa dunia hii wanaishi hivyo, wa kwenye makochi ni wachache. Na basenji, mbwa wa misitu ya Kongo asiyebweka, anayetoa mlio wa kuimbaimba, ametoka kwetu. Hapa watu wanajiandikisha foleni kumpata. Kwa hiyo si kwamba mbwa wetu ni wajinga wanaosubiri ustaarabu. Ni werevu walioangukia mikononi mwa watu wasiotazama.

Kuna mkosoaji mmoja tu ninayemheshimu. Ni yule anayesema: "Wewe unaleta habari za hisia za mbwa, huku kwetu kichaa cha mbwa kinaua." Huyo simbishii, ana haki yote. Duniani wanakufa kwa ugonjwa huo watu wanaokadiriwa 59,000 kwa mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na zaidi ya tisa katika kila kumi wameambukizwa na mbwa. Karibu wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto wa kwenye lifti anaweza kuacha vidole vyake vinuswe kwa sababu Ujerumani ilitangazwa haina kichaa cha wanyama wa nchi kavu mwaka 2008, baada ya miaka mingi ya kuwatupia mbweha porini chambo chenye chanjo ndani. Upole wao umesimama juu ya chanjo, na hawalikumbuki hilo hata kidogo. Nikiwaambia kwamba kwetu jeraha la mbwa linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu mbio kwenda kutafuta sindano, na dalili zikishaanza ni kaburi, wananitazama kama nasimulia hadithi.

Lakini mkosoaji wangu, hebu twende pamoja hatua moja mbele. Ukichanja mbwa 70 katika kila 100 wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Na mbwa wa kuchanjwa ni yupi? Ni yule anayeshikika. Mbwa aliyekulia kwenye fimbo na nyavu hata mwenye naye hamshiki, ataletwaje kwenye foleni ya chanjo? Na watoto wanaoumwa mara nyingi wanaumwa na mbwa wanaomjua, wa kwao au wa jirani, aliyegeuza kichwa, akajilamba, akapiga mwayo, na hakuna mtu mzima aliyekuwa anaangalia. Hisia za mbwa na maisha ya mtoto ni habari moja. Anayezitenganisha ndiye asiyeelewa, si mimi niliyepanda ndege.

Haya yote nimeyasema kwa simu kwa mdogo wangu, ambaye amepewa mtoto wa mbwa wa majuma tisa na tayari alikuwa ameshampigia mahesabu ya banda. Nimemwomba mambo machache: asimfungie, wageni wakija awepo, watoto wafundishwe kumwacha akila na akilala, na akinguruma asipigwe, mtoto ndiye asogezwe. Amenisikiliza mpaka mwisho kwa ile heshima ya mtu anayesubiri zamu yake. Kisha akasema: "Sawa kaka, nimekuelewa kabisa. Sasa tuma hela ya chanjo."

Nimetuma. Jibu lake la asubuhi ni kwamba daktari wa mifugo hayupo mpaka Alhamisi, na kwamba mbwa amelala sebuleni, juu ya viatu vya mama, na mama hajajua bado.