Mdondo: hela ya utafiti iende kwenye kirusi au kwenye jicho la kuku?

Kila ikifika mwezi wa nane kuelekea wa kumi, upepo umeanza na vumbi kila mahali, napokea meseji za aina moja tu. Kuku wamesinzia, mabawa yameshuka, wanaharisha kijani, mmoja kapinda shingo anazunguka, nifanyeje? Na jibu linauma kulitoa, maana mdondo (wengine wanauita kideri) ukishaingia bandani hauna dawa, shubiri haitibu, pilipili haitibu, antibayotiki ya dukani haitibu kwa sababu hiki ni kirusi, na banda ambalo halijachanjwa linaweza kubaki manyoya matupu ndani ya wiki.

Juzi nimebishana sana na rafiki yangu aliyesomea mambo ya mifugo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Yeye anasema nchi zetu ziweke hela zaidi kwenye kukisoma kirusi chenyewe, jenomu yake (vinasaba vyake vyote), kinavyobadilika mwaka hadi mwaka, mpaka tupate chanjo inayofanana na kirusi tulichonacho. Mimi nikasema chanjo ya kudondoshea jichoni, I-2, tunayo tangu miaka ya tisini, shida ni kwamba haifiki kwenye jicho la kuku, hela ya utafiti iende huko. Tuliachana usiku bila kukubaliana, ila kuna mambo aliyoniambia sikuwa na jibu lake na yamenikaa kichwani.

Ugonjwa huu ulipewa jina la mji wa Newcastle, Uingereza, ulikotambuliwa 1926, mwaka huohuo ukaripotiwa na Java kule Indonesia. Chanjo maarufu ya madukani, LaSota, mbegu yake ilipatikana Marekani miaka ya 1940. Kirusi kinachoua kuku wetu leo sio kile. Wataalamu wamevigawa virusi hivi kwa jenotaipu, yaani koo kwa kufuata vinasaba, na huku Afrika Mashariki zimeonekana ya tano na ya kumi na tatu pamoja na nyingine, wakati LaSota iko ya pili na ile I-2 yetu iko ya kwanza. Watu wakisikia hivi wanakimbilia kusema ahaa ndio maana chanjo hazifanyi kazi, hapana jamani, bado ni serotaipu moja, yaani kinga ya mwili inavitambua vyote kama kitu kimoja, na kuku aliyechanjwa vizuri analindwa asife. Lakini hapo ndipo rafiki yangu aliponibana: kutokufa ni kitu kimoja na kutoambukiza ni kitu kingine. Kuku aliyechanjwa anaweza kukutana na kirusi, asionyeshe dalili hata moja, anakula, anataga, huku anakitoa kwenye kinyesi na mate, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba chanjo inayofanana zaidi na kirusi husika inaweza kupunguza kile anachokitoa. Sasa kijijini kuku wa nyumba tano wanaparua jalala moja. Wangu wazima, wa jirani ambao hawakuchanjwa wanakufa wote, unadhani jirani atasema nini? Atasema chanjo yako ndio imeleta ugonjwa. Nimeshaambiwa hivyo mbele ya watu na iliniumiza sana, kwa sababu kwa macho yake hakuwa anadanganya.

Kwa hiyo hoja yake ina uzito na sitaki kuipunguza.

Upande wangu sasa. I-2 ilitengenezwa na Peter Spradbrow na wenzake Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa hela ya ACIAR, taasisi ya serikali yao ya utafiti wa kilimo, na tangu mwanzo ililenga kuku wa vijijini. Mbegu mama ikatolewa bure kwa maabara za nchi zetu zijitengenezee zenyewe. Hapa Tanzania kazi ilianzia maabara ya Temeke, leo inatengenezwa Kibaha na TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, dukani unaikuta kwa jina la TEMEVAC. Inavumilia joto, na hapa watu wanakosea sana, haimaanishi uiweke dirishani juani, inamaanisha ikitoka kwenye friji haiharibiki haraka njiani kama nyingine. Tone moja, jicho moja, kifaranga na jogoo dozi ileile, unarudia kila miezi mitatu.

Tone moja, linasikika rahisi. Ngoja nieleze linavyokuwa. Unaingia bandani usiku wakiwa wamelala, tochi umeibana kwapani, mtoto anakushikia mtetea kiubavu jicho likiwa juu, unadondosha, halafu husogei. Unasubiri apepese. Asipopepesa lile tone linateleza kwenye shavu linaishia manyoyani na hapo hujachanja kitu, ila ukimwachia haraka unamhesabu na yeye kuwa kachanjwa. Mimi nina kuku 23 na kichupa kina dozi mia na zaidi, na kikishachanganywa hakikai, kwa hiyo lazima nikubaliane na majirani siku moja saa moja. Mmoja kaenda msibani, mwingine kuku wake wanalala juu ya mwembe hawashikiki, wa tatu kuku ni wa mama lakini hela yuko nayo baba na baba haoni sababu ya kumtibu kuku asiyeumwa. Nusu ya kichupa inamwagwa. Hivi jenomu ya kirusi itanisaidia nini hapo?

Na hili nalisema kwa uchungu, kwamba haya maswali watu hawayaoni kama utafiti, wanaona ni ugawaji tu, kazi ya afisa mifugo wa kata. Kichupa kiwe cha dozi ngapi kwa kaya zetu, mchanjaji wa kijiji alipwe shilingi ngapi kwa kuku ili asiache kazi baada ya raundi mbili, mama mwenye kuku aamueje bila kuomba ruhusa, haya yanahitaji kupimwa kwa takwimu kabisa. Kuna utafiti wa Uholanzi wa 2008 ulioonyesha kwamba ili kirusi kisisambae kwenye kundi, angalau asilimia 85 ya kuku wanatakiwa wawe na kinga ya kutosha. Asilimia 85! Kwa nyumba yangu na ya wale majirani watatu hatujawahi hata kusogelea.

Wote wawili tuliishia kwenye sotoka, ule ugonjwa wa kirusi uliokuwa ukimaliza ng'ombe, kila mtu akiivuta upande wake. Yeye alimtaja Walter Plowright aliyetengeneza chanjo ya ng'ombe pale Muguga, Kenya, kazi ya maabara iliyookoa mifugo ya dunia. Nikamjibu chanjo hiyo ilikuwepo tangu miaka ya sitini na bado sotoka ilirudi kuua vibaya miaka ya themanini, ikaja kuisha baada ya kupatikana chanjo inayovumilia joto na wafugaji wenyewe kufundishwa kuchanja, kule Afar, Ethiopia, na Sudan Kusini ambako gari la serikali halifiki, mpaka 2011 ikatangazwa imetokomea duniani. Akaniambia sawa, na ile aina ya mwisho, iliyokuwa pole kiasi kwamba ng'ombe anaumwa kidogo tu na kupona, iliyoonekana kwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001, mngeitambuaje bila maabara? Nikanyamaza. Ni kweli, ugonjwa ukipungua makali jicho la mfugaji halitoshi tena.

Kuna njia ya tatu nayo, ya mbegu. SUA na vyuo vya Ghana na Marekani walikuwa kwenye mradi ulioongozwa na UC Davis, Chuo Kikuu cha California, wa kuangalia vinasaba vya kuku wa kienyeji, kwa hapa aina za Kuchi, Ching'wekwe na wale wa Morogoro, ni wapi wanahimili mdondo zaidi. Naipenda kwa sababu kinga ya kurithi haihitaji barafu. Ila inachukua vizazi, kuku anayehimili zaidi bado anaweza kufa, na mradi ulitegemea hela ya USAID, shirika la misaada la Marekani, ambalo lenyewe lilifungwa 2025.

Sasa nirudi kwenye kilichonifanya nilegeze msimamo. Mwaka jana ndugu yangu mmoja alichanja kuku 60 hivi, baada ya wiki tatu wakaanza kufa, wakaisha karibu wote. Kijiji kizima kikasema chanjo feki. Inaweza kuwa kichupa kilipigwa jua kwenye bodaboda. Inaweza kuwa matone yaliishia manyoyani. Inaweza kuwa ni ugonjwa mwingine kabisa, chanjo ya mdondo haizuii gumboro wala taifodi ya kuku. Na inaweza kuwa rafiki yangu ana haki, ni kirusi ambacho chanjo ilikizuia kwa shida. Kila moja ina suluhisho lake tofauti, na hatutajua kamwe, maana kuku walifukiwa siku ileile, wengine wakaingia kwenye sufuria.

Kwa hiyo nikiulizwa leo bado naweka hela nyingi kwenye tone, tena hasa sasa ambapo ile kampeni ya kitaifa iliyozinduliwa na Rais Samia kule Bariadi Juni 2025 imefanya chanjo ya kuku kuwa bure, bei imetoka njiani na vikwazo vingine vyote vimebaki. Ila hela ya kusoma kirusi nisingeifuta, ningeipeleka mahali pamoja: kwa kuku waliochanjwa wakafa. Kirusi kikisomwa bila kujua kuku alichanjwa lini, na kichupa kipi, na nani, unapata jina la jenotaipu na hujui kama chanjo ilishindwa au haikufika. Na mfugaji akiambiwa chanja tu kila miezi mitatu bila mtu wa kuja kuangalia pale inaposhindikana, ataacha, na simlaumu.

Rafiki yangu nimempigia jana. Raundi yetu ijayo tunakuwa nyumba 9, tumenunua daftari, tutaandika namba ya kichupa, tarehe, nyumba ya nani, kuku wangapi wamepepesa. Yeye analeta vijiti vya pamba, vichupa vya sampuli na kiboksi cha barafu tuviweke kwangu. Na tumekubaliana na wenye nyumba wote, hata yule wa mwembe: kuku aliyechanjwa akifa kabla ya miezi mitatu hafukiwi na hapikwi mpaka nimefika.