Saa za Kifalme za Karne ya 16: Pambo la Mezani au Kipimo cha Nyota?

Hans Schlottheim, fundi wa Augsburg, alitengeneza yapata mwaka 1585 meli iliyopakwa dhahabu ambayo leo imo British Museum. Karamuni ilijiendesha mezani, ikapiga muziki, kisha ikafyatua mizinga. Saa nayo imo, ila uso wake ni mdogo, umebanwa chini ya mlingoti mkuu. Wanaosema vifaa vya wafalme wa Ulaya vilikuwa majivuno matupu huanzia hapa, na hoja yao ina uzito.

Lakini Kassel, Ujerumani, inawatia mashakani. Mtawala wake, Wilhelm IV, alikuwa akipima nyota mwenyewe, na mwaka 1579 alimwajiri fundi saa Jost Bürgi. Shida waliyokabili ni ya hesabu: anga huonekana kuzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, hivyo saa ikikosea dakika 4, nyota imekosewa kwa nyuzi 1 nzima. Saa za wakati huo zilikosea robo saa kwa siku bila mtu kushangaa.

Chanzo kimojawapo ni springi. Ikijazwa husukuma kwa nguvu, ikilegea hudhoofika, na mwendo wa saa hufuata. Mafundi walikuwa na dawa ya zamani: kamba ya utumbo iliyozungushiwa kipande chenye umbo la pia, springi ikiwa na nguvu ivute upande mwembamba, ikichoka ivute upande mpana. Ikichongwa vibaya, kosa linabaki. Bürgi alikwenda mbali zaidi. Springi yake iliinua kizito kila baada ya muda, na kizito ndicho kilichosukuma magurudumu kwa nguvu ileile. Kidhibiti mwendo, kile kinachozuia na kuachia magurudumu hatua kwa hatua, nacho alikipa mikono miwili inayopishana. Mwaka 1586 Wilhelm alimwandikia Tycho Brahe, mwanafalaki wa Denmark, kwamba saa yake haikosei hata dakika moja kwa siku. Tycho, mwenye saa kadhaa kisiwani Hven, hakuziamini hata moja.

Kwa hiyo dhahabu ya nje haituambii kitu. Cha kuuliza ni kama kifaa kilitumiwa, kikakosolewa, kikarekebishwa. Ile meli, kwa kipimo hicho, inaanguka. Lakini ufundi wa kukata meno ya magurudumu madogo ulikuzwa na wateja walewale wa anasa, maana mwanafalaki peke yake asingeweza kuwalipa mafundi.

Hasara kubwa zaidi ya ufadhili huo wa kifalme, kwa maoni yangu, ni usiri. Kilichobuniwa ikulu kilikuwa mali ya ikulu. Kidhibiti cha Bürgi hakikuenea, na mwaka 1656 Mholanzi Christiaan Huygens alifikia usahihi mkubwa zaidi kwa njia nyingine kabisa, timazi inayobembea. Majedwali ya Bürgi ya logarithimu, namba za kurahisisha kuzidisha na kugawanya, yalichapishwa Prague mwaka 1620, miaka 6 baada ya yale ya Mskoti John Napier. Hapo, hata hivyo, Bürgi hakosi lawama: mwanafalaki Johannes Kepler alimlaumu waziwazi kwa kuficha kazi yake, ingawa kutojua Kilatini nako kulimfungia milango ya wasomi.