Dozi milioni 1.3 zilizoondoka Kongo: lawama imeangukia pasipo pake

Hapa Goma ukitaja Corona na serikali kwa pumzi moja, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye chanjo zilizorudishwa. Tarehe 2 Machi 2021 Kinshasa ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca, chanjo ya Corona, kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Mwisho wa Aprili serikali ikakubali dozi milioni 1.3 zichukuliwe na kugawiwa Angola, Ghana, Madagaska, Togo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Tangu hapo hukumu ni ile ile: nchi imeletewa kinga ikaikataa, aibu tupu. Nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, wauguzi wakiwemo. Mimi naona imemkamata asiye na kosa, mwenye kosa akapita kando.

Chanjo zile zilikuwa zinaisha muda tarehe 24 Juni 2021. Sindano ya kwanza ilichomwa Kinshasa tarehe 19 Aprili. Hapo katikati kuna siku 66. Ili dozi zote milioni 1.7 ziingie mikononi mwa watu, ilibidi wachanjwe zaidi ya 25,000 kila siku, Jumapili kwa Jumapili, katika nchi ambayo mzigo wa kutoka Kinshasa hadi Goma unapanda ndege kwa sababu barabara haipo.

Na dozi hizo hazitolewi moja moja. Kichupa kimoja kina dozi kumi, na kikishafunguliwa kina saa sita tu. Sasa tazama kituo cha afya cha Ndosho au Mabanga, saa tano asubuhi, wamefika watu wanne. Muuguzi akifungua kichupa na wengine wasije, dozi sita zinamwagwa jioni. Asipofungua, awaambie wanne hao wangoje wenzao, na mama aliyeacha meza yake ya nyanya sokoni hangoji. Atarudi kwenye nyanya zake, na kesho hutamwona. Dozi milioni 1.3 maana yake ni vichupa 130,000, kila kimoja kikitaka watu kumi kwa wakati mmoja, na friji yenye umeme wa kuaminika. Anayeishi Goma anajua umeme wetu.

Wanaoilaumu serikali wana jibu zuri hapa: mwaka 2019 Kongo hii hii ilichanja watoto zaidi ya milioni 18 dhidi ya surua. Ni kweli, na ni kazi ambayo haijasifiwa vya kutosha. Lakini surua mama anaijua. Ameiona kwa mtoto wa jirani, na mwaka ule ilikuwa inaua maelfu ya watoto. Hakuhitaji kushawishiwa. Ebola nayo ilikuwa hivyo hivyo: mgonjwa wa kwanza alipogunduliwa Goma Julai 2019, waliokuwa karibu naye walifuatwa walipo na kuchanjwa. Kwa mlipuko mzima, uliochukua karibu miaka miwili, waliochanjwa nchini walikuwa zaidi ya 300,000, na nyuma yao kulikuwa na fedha na magari ambayo Corona haikuyaona. Kwa hiyo wanaosema watu wa mashariki wanakataa chanjo kwa ujinga hawajatutazama. Aprili 2021 watu walikuwa wametoka katika mwaka mzima wa Corona ambayo wengi waliijua kwa kufungwa mpaka, si kwa kuzika. Wamama waliokuwa wakivuka mpaka wa Petite Barrière kwenda kuchuuza Gisenyi, Rwanda, kila asubuhi walipoteza mtaji, na hakuna aliyekuja kuwauliza wanaishije.

Basi serikali ilipofika mwisho wa Aprili, ilibaki na njia mbili. Kungoja mpaka Juni halafu kuchoma moto, kama Malawi ilivyoteketeza dozi karibu 20,000 mwezi Mei mwaka ule ule. Au kusema mapema kwamba hatutaweza, wenzetu wazitumie. Na wenzetu walizihitaji kweli: India ilikuwa imezuia chanjo zake zisitoke nje, na Ghana ilikuwa na watu waliopata dozi ya kwanza wanaongoja ya pili. Mapema Mei zilitua Accra dozi 350,000 kutoka Kongo. Zilipata watu. Serikali inayokiri uwezo wake unaishia wapi, wakati bado kukiri kunasaidia mtu, imefanya jambo ambalo kwetu halionekani mara nyingi.

Sitaki kulipunguza la upande wa pili. Mei chanjo zimeondoka, Juni wimbi la tatu likaijaza Kinshasa wagonjwa. Mwisho wa Mei uongozi wa Bunge ulikuwa umeshatangaza kuwa Corona imechukua wabunge 32. Anayekumbuka hayo akauliza kwa nini hatukubaki na akiba kubwa zaidi, ana haki ya kukasirika. Ila akiba ilikuwepo: dozi kama 400,000. Hata hizo zilikosa watu.

Na zilikosa watu kwa sababu ya yaliyotangulia. Katikati ya Machi nchi kadhaa za Ulaya zilisimamisha AstraZeneca kwa hofu ya damu kuganda, Kinshasa nayo ikasimama. Kusimama huko nakuelewa. Tarehe 18 Machi shirika la dawa la Umoja wa Ulaya likasema faida inazidi hatari, na kesho yake wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakasema vivyo hivyo. Sisi tukangoja mpaka tarehe 19 Aprili. Chanjo zilikuwa na siku 114 za uhai zilipotua. Tulianza zikiwa zimebaki 66. Siku 48 zilipita frijini, na 32 kati ya hizo zilipita baada ya wataalamu kutoa jibu. Katika siku hizo 32 simu za watu zilijaa kila aina ya uzushi, na hakuna kiongozi aliyejitokeza kukunja shati mbele ya kamera. Rais mwenyewe alichanjwa Septemba.

Mwaka 2024 dozi za kwanza za chanjo ya mpox (homa ya nyani) zilitua Kinshasa tarehe 5 Septemba, na sindano ya kwanza ikachomwa hapa Goma tarehe 5 Oktoba. Mwezi mwingine wa kungoja, safari hii bila Ulaya kusimamisha chochote. Wanaozihesabu bado dozi zilizopelekwa Accra wangeuhesabu na mwezi huo: nani alikuwa anangoja nini, na kwa nini mkazi wa Goma hakuambiwa siku ile ile.